Fundi Kigingi Anastaafu Ijumaa, na Soketi Zake Ziko Mikononi Mwetu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Fundi Kigingi wa karakana ya hospitali yetu atastaafu rasmi baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Hafla ya kumuaga itafanyika katika ukumbi wa chakula wa wafanyakazi. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wengi wenu, mimi nikiwa msimamizi wa vyombo katika chumba cha upasuaji. Aliniomba pia niandike kwa furaha. Nimejaribu. Rasimu ya kwanza niliichana, maana kila nilipoikaribia hiyo furaha niliikumbuka Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, na hasira ikanipanda upya. Kwa hiyo mtanivumilia. Sifa za mtu huyu mtazisoma zote, lakini mtasoma na yanayowahusu ninyi.

Fundi alianza kazi hapa kama bawabu. Wakati huo lango la nyuma, lile linalopitisha magari ya wagonjwa, lilivutwa na watu wawili, na kelele zake zilifika hadi wodi ya wazazi. Katika wiki yake ya kwanza alilifungua gurudumu la lango, akalisafisha, akalitia grisi, na kesho yake lango likasukumwa kwa kidole. Mkuu wa karakana wa enzi hizo, ambaye sasa ni marehemu, alikuja akifoka kutaka kujua nani amegusa mali ya hospitali bila ruhusa. Alimkuta bawabu mpya amesimama wima, grisi hadi viwikoni, akisubiri kufukuzwa. Badala ya kufukuzwa alihamishiwa karakana, na tangu siku hiyo hakuna gari la wagonjwa, jenereta wala gurudumu la kitanda katika hospitali hii ambalo halijapita mikononi mwake.

Sitaki mdhani namchora malaika. Fundi Kigingi ni mgomvi, anajisifu bila kuombwa, na hana unyenyekevu hata wa kuazima. Akitengeneza kitu hukaa kando yake kungoja kusifiwa, na usipomsifu hukukumbusha. Amewahi kunifuata hadi mezani, nikiwa nakula, kuniuliza kama nimesikia jinsi kitoroli cha wodi ya tatu kinavyotembea kimya. Nikasema sijasikia kitu. Akasema, "Ndiyo hivyo sasa!" Akaondoka ameridhika.

Lakini jambo ambalo kweli lilistahili kusifiwa, na ambalo leo ndilo linanitia uchungu, ni namna alivyozitunza soketi zake.

Kwa wale mnaoijua soketi kama kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke, nawaelezeni. Soketi ni kikombe kidogo cha chuma. Upande mmoja una mdomo unaovaa kichwa cha nati, na upande wa pili una tundu la mraba linaloshikwa na mpini wa kuzungushia. Kila saizi ya nati ina soketi yake. Ukilazimisha namba kumi na tatu ifungue nati ya kumi na mbili, itateleza na kuzila pembe za nati mpaka ibaki duara, na hapo hata fundi mkubwa hukaa chini akashika tama. Ndiyo maana fundi ambaye soketi zake hazina mpangilio ni sawa na mimi nikiweka makasi ya upasuaji ndani ya mfuko wa nailoni na kumwambia daktari aingize mkono achague.

Kuzipanga kulimchukua miaka. Mwanzoni aliziweka kwenye kopo la rangi, kama mafundi wote wa hapa. Akitaka moja anazimwaga zote sakafuni, anachakura, nyingine inabingirika chini ya gari, na dereva anapiga honi. Akahamia kwenye waya: akazitunga kwa ukubwa kama shanga na kuzining'iniza ukutani. Zilipendeza mno, mpaka siku alipoihitaji ya katikati ikabidi avue nusu ya mkufu, na waya ukamponyoka. Akanunua sanduku la plastiki lenye vishimo vilivyochongwa tayari kiwandani. Hilo nalikumbuka kwa sababu alilileta hadi mlangoni kwangu kunionyesha, uso unang'aa. Halikumaliza msimu wa mvua. Soketi ndefu hazikuwa na nafasi humo, bawaba za kifuniko zilikatika, na siku alipolibeba kichwa chini miguu juu soketi zote zilimwagikia kwenye mtaro wa maji machafu. Maneno tuliyoyasikia siku hiyo siwezi kuyaandika katika jarida la wafanyakazi. Baadaye akajaribu reli ya chuma yenye vibanio. Vibanio vilikaza hadi kuchomoa soketi moja kukahitaji mikono miwili na meno, kisha vikalegea vyote kwa pamoja, utadhani vilikutana kikao.

Ndipo alipokuja kunitazama nikipanga vyombo. Alisimama kizingitini, maana ndani haruhusiwi, akaangalia jinsi ninavyolaza kila kibanio na kila kisu mahali pake kwenye sinia, na jinsi tunavyohesabu kabla ya mgonjwa kupasuliwa na tena kabla hajashonwa. Nilimweleza kwamba pengo kwenye sinia langu maana yake kuna kitu kimebaki tumboni mwa mtu. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo sista, wewe huangalii kilichopo. Unaangalia pengo." Nikamwambia ndivyo. Akaondoka bila hata kuaga.

Wiki iliyofuata mifagio ilianza kupotea. Wafagiaji walilalamika kwa matroni, matroni akalalamika kwa mlinzi, mlinzi akamshuku mfanyabiashara wa mifagio aliye nje ya geti kwamba anaiba ili auze tena. Kumbe Fundi alikuwa anaikata mipini. Alichukua ubao wa kitanda kilichovunjika, akautoboa safu kwa safu, na katika kila tundu akapachika kigingi alichokichonga kwa kisu mpaka kikatosha mdomo wa soketi moja tu. Mipini ya mifagio ilitosha saizi za kati. Kwa soketi ndogo alitumia vipande vya penseli, na kwa ile kubwa kabisa alikata mguu wa kiti cha karani wa masijala, ambaye hadi leo anakaa ameinama upande. Jina la Kigingi alilipata hapo, na akalipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mtu anaweza kusema, vigingi tu? Basi sikilizeni akili iliyomo. Soketi inakaa mdomo chini, tundu la mraba juu, ili mpini uishike na kuinyanyua kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili wa fundi siku zote umeshikilia kitu kingine. Soketi ndogo haiingii kwenye kigingi kinene, na kubwa ikivishwa kigingi chembamba inachezacheza na kujichongea yenyewe, kwa hiyo huwezi kuirudisha pasipo pake hata ukitaka. Fupi zina ubao wao na ndefu ubao wao. Zile za inchi, ambazo zikichanganyika na za milimita zinaleta maafa, vigingi vyake alivipaka rangi nyekundu ya kucha aliyoichukua kwenye kabati la mkewe. Shemeji alinung'unika mwezi mzima. Mbao zote mbili zinakaa ndani ya sanduku la bati ambalo zamani lilihifadhi vyombo vyetu vya upasuaji, na kila jioni Fundi alilifunga baada ya kupitisha kiganja juu ya ubao, akitafuta pengo.

Sheria ya kiatu mnaijua nyote, hata wanaojifanya wameisahau. Ukiazima soketi kwa Fundi, unaacha kiatu kimoja. Hakuna kuandikishana, hakuna "nakuletea sasa hivi". Kiatu kinavishwa kigingi kilichobaki kitupu, na kinakaa hapo mpaka soketi irudi. Daktari bingwa wa mifupa aliazima moja akaze betri ya gari lake, akasahau, akaitwa wodini, na akapita vitanda vyote na kiatu kimoja na soksi. Dereva mmoja aliitwa kwenda kumchukua mama mwenye uchungu akiwa na mguu mtupu. Alikwenda hivyo hivyo, akamfikisha mama salama, na ndugu wa mama wakamhurumia wakampa ndara moja. Tulicheka sana. Lakini katika miaka yote hiyo soketi hazikupotea, na nataka mlishike hilo kwa makini kwa sababu ya nitakayoyasema.

Mimi mwenyewe nina sababu ya kuuheshimu ubao ule. Ilikuwa mchana wa mvua kubwa, tumbo la mgonjwa liko wazi mezani, umeme ukakatika. Jenereta ikakoroma mara moja na kunyamaza. Tukabaki na taa ya betri iliyokuwa inafifia, daktari amesimamisha mikono, na mimi nimeshikilia tochi huku nikimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Chumba cha jenereta hakina dirisha. Fundi aliingia kwenye giza lile na sanduku lake, akapapasa betri, akagundua waya umelegea na kuota kutu. Hakutafuta tochi. Kidole kilihesabu vigingi, mpini ukashika namba kumi na tatu, nati ikafunguka, kutu ikakwanguliwa, nati ikafungwa. Taa ziliwaka kabla daktari hajamaliza kumlaani mtu wa umeme. Mgonjwa yule yu hai. Namwona sokoni, mnene, anabishana bei.

Sasa nije kwenye Alhamisi.

Kwanza mjue kwamba soketi zile ni za Fundi, si za hospitali. Alizinunua mwenyewe, moja moja, tangu ujana wake. Na mjue alikuwa na mipango nazo. Dada yake alipofariki aliacha binti, na Fundi na mkewe wakamlea binti huyo hadi akawa mtu mzima. Amesomea umakanika na amefuzu. Mjomba na mpwa wamekubaliana kufungua karakana ndogo ubavuni mwa nyumba yao, Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu. Magoti ya Fundi hayawezi tena kuingia chini ya gari, kwa hiyo mpwa ataingia chini, na mjomba atakaa juu kando ya sanduku, akimpa soketi kila atakapotaja namba. Hiyo ndiyo pensheni aliyojiwekea, na amenisimulia habari yake mara nyingi kuliko habari ya kitoroli.

Asubuhi ile, kabla ya kulihamishia sanduku nyumbani, alizivua soketi zote vigingini, akaziosha kwa mafuta ya taa, na kuzianika kwenye benchi nje ya karakana juu ya shuka jeupe kuukuu alilopewa na watu wa dobi. Alizipanga kwa safu kama zinavyokaa ubaoni. Kisha akaenda mjini kwenye ofisi ya mafao, ambako walimweka kwenye foleni mpaka alasiri.

Hayo yaliyofuata nimeyafanyia uchunguzi, na nitayasema bila kumung'unya. Mpokezi alipita akauliza hizi ni za nini. Mtunza stoo akajibu, "Si anastaafu? Atakuwa anagawa." Neno lilipofika jikoni halikuwa tena "atakuwa", lilikuwa "anagawa". Lilipofika masijala lilikuwa limeota miguu: Fundi amesema kila mtu achukue moja ya kumkumbuka. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hili halikuwepo! Hakuna aliyemsikia Fundi akisema hivyo, hakuna aliyempigia simu kumuuliza, na mtu ambaye hakuwahi kuazimisha soketi bila kuchukua kiatu ghafla mkaamini ameamka asubuhi na kuwamwagia zote bure!

Mkapanga foleni. Naambiwa mlikuwa na adabu hata mkawapisha wakubwa. Naambiwa wengine walitokwa na machozi, na kwamba muuguzi mmoja aliibusu ya kwake. Mimi nilikuwa kwenye upasuaji tangu asubuhi, na nilipotoka jua lilikuwa limeshuka na Fundi alikuwa amerudi. Nilimwona kwa mbali amesimama mbele ya benchi. Shuka lilikuwa tupu, lina alama za mafuta za duara kila mahali palipokaa soketi. Alizitazama alama zile, kisha akalikunja shuka kwa utaratibu, pembe kwa pembe, akaliweka kwapani. Na kiatu hakikuwepo hata kimoja.

Hakufoka. Mtu ambaye alifokea hadi mvua alipita mbele ya wote walioshika mali yake, akawapungia mkono, akaenda zake nyumbani. Heri angefoka.

Kesho yake asubuhi nilisikia mlango wangu ukigongwa. Alikuwa yeye. Gari la wagonjwa la pili lilikuwa linavuja maji, alihitaji kulegeza kibanio cha mpira wa rejeta, na hakuwa na cha kukilegezea, kwa hiyo alikuja kuazima koleo kwangu. Nilipogeuka kumpa nikamkuta ameinama, anavua kiatu. Mzee wa umri ule, ameshikilia mlango kwa mkono mmoja ili asianguke. Nikamwambia, "Fundi, tafadhali vaa kiatu chako." Akakiweka kizingitini, akapokea koleo. "Sheria ni sheria, sista." Akateremka ngazi akichechemea. Nilifunga mlango nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo. Aibu ni yenu.

Nilipeleka jambo hili kwenye kamati ya maandalizi. Kamati ilikuwa kwenye mjadala mzito kuhusu zawadi, kama saa ya ukutani iwe ya duara au ya mraba. Mwenyekiti akanijibu kwamba suala la soketi ni dogo, na kwamba lilifanyika kwa nia njema. Mwingine akasema zimeshatawanyika, kuzikusanya ni kuwafedhehesha watu. Wa tatu, ambaye nilijua kabisa ya kwake iko mfukoni kwa sababu iligonga kiti alipokaa, akasema mzee ni mkarimu, hawezi kudai. Na kila niliyemtazama alijitetea kwa maneno yale yale: "Mimi nilichukua moja tu." Moja tu! Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kumbe hukimaliza vilevile. Hakuna jambazi aliyekuja na gunia. Lilitosha jengo zima la watu wema, kila mmoja na moja tu, na mtu akabaki na vigingi.

Mnasema mlichukua kwa sababu mnampenda. Nakubali, mnampenda. Ni mapenzi gani hayo yanayomwachia mtu sanduku tupu wakati wa uzee wake? Angekuwa mtu mnayemchukia mngemwibia nini zaidi? Shukrani ya punda ni mateke, walisema, lakini punda angalau hadai kwamba teke ni kumbukumbu.

Kwa kuwa wajumbe walisema hawezi kudai, nilikwenda kumuuliza mwenyewe. Nilimkuta karakana, ubao mapajani, anafuta vumbi kwenye vigingi vitupu kwa kitambaa. Nikamweleza kwamba wapo wanaofikiri angefurahi watu wabaki nazo, kila mmoja na kipande cha kumkumbukia. Nilimuuliza kama angependa iwe hivyo.

Hakufikiri hata kidogo. "Nazitaka zote," alisema. Kisha akaongeza kwamba kama tunataka kumbukumbu, tumpige picha.

Nilimwomba ubao wa fupi na ubao wa ndefu, nikaanza kuzunguka. Mapokezi niliikuta namba kumi na tisa ndefu imesimama mezani na kalamu ndani yake, eti inafaa sana. Nikaichukua na kuiacha kalamu. Kwa mpishi mkuu niliikuta ile kubwa kuliko zote imekaa juu ya kifuniko cha sufuria ili mvuke usitoke. Mpishi alinipa mwenyewe, ameinamisha macho, na akaniomba nimwambie Fundi kwamba hakujua. Nikamwambia akamwambie yeye. Fundi cherehani wa dobi alikuwa nazo mbili za kushikia kitambaa, na hakuweza kunieleza ya pili ilikuwa kumbukumbu ya nani. Karani wa masijala alinirudishia haraka, lakini akauliza kama sasa naye atarudishiwa mguu wa kiti chake. Hilo nimelipokea kama dai halali na nimelifikisha.

Wengine walinishangaza. Mhasibu msaidizi ameipaka yake rangi ya dhahabu, ndani na nje, akaigundisha kwenye kibao kilichoandikwa "Kwa Upendo". Rangi ile imejaa mdomoni na soketi haiwezi tena kuvaa nati yoyote. Muuguzi mmoja akaniambia mwanawe hulala na soketi, akinyang'anywa atalia. Nikamwambia mtoto akilia hubembelezwa, na Fundi je, nani atambembeleza? Na wako wengi walioniambia "kesho". Nilirudi kesho, wakaniambia kesho. Hadi naandika haya, ubao wa fupi umejaa nusu, na wa ndefu ni aibu tupu. Kumi na tatu, ile iliyotuwashia taa, haijulikani ilipo. Aliyenayo anaisoma sentensi hii.

Basi utaratibu wa Ijumaa ni huu, na mganga mkuu ameuridhia. Mbao zote mbili zitawekwa juu ya meza mlangoni mwa ukumbi, mahali ambapo kila anayeingia atapita. Hakutakuwa na ulinzi wala tangazo, na hakuna atakayeitwa jina. Vigingi vitajisemea, kama mapengo ya sinia langu yanavyojisemea. Kando ya meza atasimama mpwa wa Fundi. Wengi wenu hamjawahi kumwona: mwanamke mrefu, ana makovu ya moto mkononi kutokana na kazi, na ana macho ya mjomba wake. Hajui nani alichukua ipi na mimi sitamwambia. Mwenye soketi atampa yeye, mkono kwa mkono, kisha aingie ndani akale keki. Hizo ndizo atakazofanyia kazi Jumatatu akiwa chini ya gari la mtu, na zile ambazo hazitakuwepo ataziita namba zake na mjomba atanyamaza.

Wa rangi ya dhahabu aje na yake pia. Mafuta ya taa nitaleta mimi.

Nimeombwa nimalizie kwa shukrani, na hizi ni za kweli. Tunakushukuru, Fundi Kigingi, kwa magari yaliyowaka alfajiri za baridi, kwa vitanda vilivyotembea bila kuamsha wagonjwa, kwa taa zilizorudi wakati daktari amesimamisha mikono, na kwa kutusumbua tukusifu mpaka tukajifunza kutazama kazi ya mtu. Tunamshukuru shemeji kwa rangi ya kucha. Saa ya ukutani utaipokea baada ya hotuba, ni ya duara, na nakusihi uwe mpole.

Tunakutakia maisha mema na magoti yaliyopumzika, na tunakutakia uondoke Ijumaa na sanduku zito, zito la kuhitaji watu wawili kulibeba hadi garini. Upande mmoja atashika mpwa wako. Upande wa pili tutashika sisi, kama tuna haya.